Uliza Kwanza Kinachoungua

Hotuba kwa mkutano wa wakazi wa mtaa, Dar es Salaam, kuelekea sikukuu za mwisho wa mwaka

Ndugu mwenyekiti, wajumbe wa serikali ya mtaa, wazee wetu shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, habari za jioni.

Asanteni kwa kutuita kabla ya sikukuu. Mwezi huu watu wanafagia viwanja, wageni wanakuja, takataka zinaongezeka, na usiku wa mkesha matairi yanawashwa barabarani huku fataki zikilia. Januari ikiingia, majirani waliokuwa wakiazimana chumvi hawasalimiani tena. Ugomvi wa mpaka una bikoni ya kwenda kuangalia. Ugomvi wa maji machafu una mfereji wa kuonyesha kwa kidole. Moshi hauna bikoni, na ukimwita mjumbe aje aushuhudie, akifika umeshatawanyika. Ndiyo maana kesi zake huwa ndefu na chungu kuliko zinavyostahili.

Tunawaomba jambo moja. Moshi ukikuingilia, usianze na kuuliza nani anachoma. Uliza kinaungua nini, saa ngapi, na upepo unaelekea wapi. Ukianza na mtu, utapata adui. Ukianza na kinachoungua, mara nyingi utakuta kitu ambacho nyinyi wawili mnaweza kukiondoa kwenye lundo kwa mikono yenu.

Tuchukue lundo moja la kawaida tulikague. Limefagiliwa asubuhi chini ya mwembe, likasukumwa kwenye kona ya ukuta karibu na mgomba. Kwa macho ni majani tu. Lichokonoe kwa kijiti. Juu kuna majani ya mwembe yaliyokauka nusu. Chini yake kuna ya juzi, yameshikana kwa unyevu. Katikati kuna pampasi iliyoviringishwa, maganda ya ndizi, pakiti za biskuti zenye rangi ya fedha kwa ndani, chupa ya maji iliyobonyezwa, kipande cha bomba la plastiki alichoacha fundi bomba, betri mbili za redio na kopo tupu la dawa ya mbu. Saa 12 jioni mtu anamwagia mafuta ya taa kidogo, anawasha kiberiti, anaingia ndani kula.

Mafuta ya taa yanaungua dakika mbili na kutoa mwali mzuri wa kumdanganya mwashaji. Baada ya hapo moto unakutana na majani yenye unyevu, na nguvu yake yote inaishia kuchemsha maji. Moto unaochemsha maji haupati joto la kutosha, kwa hiyo mafuta na utomvu wa jani hugeuka mvuke na kutoka kabla havijaungua. Huo ndio moshi mzito mweupe unaoelekea kuwa wa manjano, unaowasha macho. Mwali umekufa, lundo linafuka tu. Watu wengi hudhani moto mdogo unaofuka una nafuu kuliko moto mkubwa. Ni kinyume kabisa: kilo moja ya majani inayofuka hutoa moshi mwingi zaidi kuliko kilo ileile ikiungua kwa mwali, na inaweza kufuka usiku kucha.

Kisha joto linafika kwenye lile bomba. Hayo mabomba ya plastiki ngumu ya maji na ya nyaya za umeme ni PVC, na katika plastiki yake halisi zaidi ya nusu ya uzito ni klorini. Likiungua, klorini inatoka kama gesi ambayo ikigusa unyevu wa jicho na koo hugeuka tindikali. Ile harufu kali inayokufanya ukohoe ghafla, kana kwamba umevuta pilipili, inatoka hapo. Sumu iliyo mbaya zaidi haina harufu. Klorini ikikutana na masizi katika joto la kati ya nyuzi 200 na 450 hivi, hutengenezwa sumu zinazoitwa dioksini. Mitambo mikubwa ya kuchoma taka hutakiwa kufikisha nyuzi 850 na kuweka moshi kwenye joto hilo kwa sekunde 2 angalau ili kuzivunja. Lundo la kona ya ukuta halifiki huko. Linakaa palepale kwenye joto la kuzitengeneza. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unautaja wazi uchomaji wa taka mahali pa wazi kuwa chanzo cha dioksini.

Dioksini haziishii hewani. Zinatua kwenye majivu na udongo, na hazikai kwenye maji, zinakaa kwenye mafuta ya mwili. Sasa mfuateni kuku wa kienyeji asubuhi. Anakwenda wapi kwanza? Kwenye lile jivu, anaparua na kudonoa. Sumu inaingia kwenye mafuta yake, kutoka hapo kwenye kiini cha yai, na yai linakwenda kwenye sahani ya mtoto wa nyumba ileile iliyochoma. Mama anayedhani moshi wake unamsumbua jirani peke yake, tumweleze hili taratibu, maana ndilo humgusa kuliko sheria yoyote. Na majivu ya taka mchanganyiko yasiwekwe kwenye bustani ya mchicha. Majivu ya kuni safi ni mbolea. Majivu ya betri, mabomba na pakiti si mbolea.

Kuhusu ile betri na lile kopo tutapita haraka: kopo la dawa likipata moto hulipuka na kurusha makaa, na betri hutoa metali nzito. Hakuna namna salama ya kuvichoma, basi.

Kinachoumiza mapafu kuliko vyote ni chembe ndogo sana, zile za mikroni 2.5 kushuka chini. Unywele wa mtu una unene wa mikroni kama 70. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilipendekeza wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 za chembe hizo kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, na wastani wa mwaka usizidi 5. Nyumba zetu zina wavu wa mbu dirishani na matundu ya hewa juu ya ukuta. Tundu moja la wavu lina zaidi ya milimita 1, yaani mikroni 1,000 na ushei. Kwa hiyo jirani akikwambia "si ufunge dirisha," ujue hata ukifunga, matundu ya juu yako wazi. Wala khanga iliyoloweshwa na kufungwa puani haisaidii sana: inazuia majivu makubwa, chembe ndogo na gesi zinapita. Barakoa ya aina ya N95 ikikaa vizuri usoni huchuja chembe, ila gesi haichuji, na mtoto mchanga hawezi kuvaa. Naye mtoto mchanga huvuta pumzi mara 30 hadi 60 kwa dakika, mtu mzima mara 12 hadi 20. Chumba kimoja, moshi mmoja, lakini kwa kulinganisha na mwili wake yeye anapata zaidi.

Sasa saa na upepo. Wengi wetu huchoma jioni kwa sababu jioni ndipo kazi zimekwisha na kuna kaubaridi. Katika saa zote za siku, hiyo ndiyo mbaya kuliko nyingine. Mchana jua linapasha ardhi, hewa ya chini inapata joto na kupanda, moshi unapanda nayo na upepo wa bahari unauchukua. Jua likizama, ardhi inapoa upesi, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na hewa baridi haipandi. Inakaa kama sufuria iliyofunikwa. Moshi ukitoka, unapanda hadi usawa wa paa, unalala, unaanza kutambaa kuelekea vyumba vya kulala. Desemba 1952 kifuniko cha namna hiyo kiliukalia mji wa London siku 5, moshi wa makaa ya mawe ukashindwa kutoka, na hesabu ya kwanza ya vifo ilifika kama watu 4,000. Waingereza walitunga sheria ya hewa safi mwaka 1956 kwa sababu ya juma hilo.

Kwa pwani yetu, ongezeni pepo. Wakati wa kaskazi, moshi wa mchana unasukumwa kuelekea kusini na kusini-magharibi. Wakati wa kusi, unageuka kuelekea kaskazini. Usiku upepo mdogo wa nchi kavu unashuka kuelekea baharini. Kwa hiyo nyumba inayolalamika Januari huenda isiwe ile inayolalamika Julai, na mchomaji anasema kwa moyo safi kabisa, "Miaka yote nachoma hapa, mbona hawakuwahi kusema?" Hakudanganya. Upepo ndio uliobadilika. Funga utepe wa kitambaa chepesi kwenye kamba ya kuanikia nguo, uangalie unapepea kuelekea wapi saa 4 asubuhi, saa 10 jioni na saa 2 usiku. Siku tatu zinatosha kukuonyesha moshi wako unalala kwa nani.

Tukizungumzia kuacha kuchoma, swali la haki ni hili: taka ziende wapi? Gari la taka lisipopita wiki mbili, na jua hili la Desemba, lundo linanuka, nzi wanajaa, na mtu anawasha kiberiti kwa sababu haoni njia nyingine. Hatumlaumu. Anayemlaumu bila kumwonyesha njia anampotezea muda.

Njia inaanza jikoni, kwa vyombo vitatu. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko kwa vinavyooza: maganda, mabaki ya mboga, majani ya chai. Kiroba cha salfeti kwa vinavyouzwa: chupa za plastiki, makopo, vyuma, maboksi. Ndoo ndogo kwa mabaki ya kweli: pampasi, pakiti laini, vitambaa vibovu. Zaidi ya nusu ya uzito wa taka za nyumbani mijini kwetu ni vile vinavyooza. Ukiviondoa hivyo, na chupa zikichukuliwa na vijana wanaookota, kinachobaki kusubiri gari ni kidogo, kikavu, hakinuki na kinaweza kusubiri. Pampasi ndiyo inayobaki kuwa tabu. Ifungeni na muiweke kwenye ndoo yenye kifuniko. Hailiki na moto wa uani hata kidogo, inafuka tu, na harufu yake ndiyo inayovunja undugu.

Majani tunayapa muda wetu mwingi, kwa kuwa ndiyo chanzo cha mioto mingi ya uani. Majani ni mboji iliyokosa mtu wa kuisimamia. Chagua mahali penye kivuli, mbali na kisima. Mitaa ya bondeni ambako ukichimba nusu mita unapata maji, msichimbe shimo; pangeni lundo juu ya ardhi mkilizungushia matofali yaliyopishana ili hewa ipite. Lundo liwe na upana wa mita 1, urefu mita 1 na kimo mita 1. Likiwa dogo kuliko hapo halitunzi joto, litakaa mwaka mzima bila kuoza, na mtasema mboji ni maneno ya vitabuni.

Panga kwa ndoo: ndoo tatu za majani makavu, ndoo moja ya vitu vibichi kama maganda, majani mabichi au samadi ya kuku, kisha koleo moja la udongo, halafu maji ya kunyunyiza. Rudia hadi ujaze. Unyevu wake uupime kwa kiganja: shika konzi, kamua. Yakitoka matone mawili matatu, sawa. Maji yakichuruzika, umezidisha. Konzi likifumuka kama mchanga mkavu, ongeza. Ndani ya siku nne tano katikati panapaswa kufika nyuzi 55 hadi 65. Huna kipimajoto? Chomeka nondo hadi katikati, iache dakika tano, ichomoe na uiguse. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uiachie, lundo linafanya kazi. Ligeuze kwa koleo kila wiki kwa mwezi wa kwanza, la nje liingie ndani. Kwa joto letu, baada ya miezi miwili mitatu unapata udongo mweusi wenye harufu ya msitu baada ya mvua.

Likiharibika, lenyewe litakwambia. Harufu kali kama ya mkojo maana yake vibichi vimezidi, ongeza majani makavu. Harufu ya yai viza maana yake limelowa na halipumui, ligeuze na uliinue. Siafu na sisimizi wakihamia, limekauka. Likiwa baridi ilhali lina unyevu, halina vibichi vya kutosha. Kunguru na paka wakilifukua, kuna mtu ameweka samaki au nyama; hivyo havitakiwi humo. Majani ya mwembe na ya mkungu ni magumu, yana nta juu yake, kwa hiyo yakatekate kwa panga au yatandaze njiani yakanyagwe siku mbili kabla ya kuyapanga. Makuti na vifuu msiviweke, vinachelewa mno. Vifuu vina wateja wa kuvifanya mkaa.

Mwenye uwanja mdogo, au asiyetaka kugeuzageuza, ajaze majani kwenye kiroba cha salfeti, amwagie lita 5 za maji, afunge mdomo, atoboe matundu kumi kwa msumari, akiweke nyuma ya nyumba kivulini. Baada ya miezi sita au zaidi kitakuwa kimeshuka hadi chini ya nusu, kimejaa udongo wa majani. Hakuna kazi nyingine.

Wako wanaochoma majani ili kufukuza mbu. Tunawaelewa, na ni kweli mbu hupisha moshi. Lakini moshi ukikatika wanarudi, na wanaouma usiku wa manane wanakukuta umelala kwenye hewa mbaya. Chandarua chenye dawa, na kumwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi kila wiki, vinafanya kazi hiyo bila kumkohoza mtu.

Vijana wanaochoma nyaya kupata shaba, hili ni lenu, na ni hesabu ya fedha. Shaba iliyochomwa inatoka nyeusi na inavunjika, na mnunuzi wa chuma chakavu huishusha daraja. Shaba iliyochunwa kwa kisu inatoka inang'aa na bei yake ni nzuri zaidi. Bana waya kwenye ubao kati ya misumari miwili, weka wembe wa kisu juu yake kwa mshazari, vuta waya kuja kwako. Ganda linapasuka lote. Na lile ganda ni PVC ileile ya bomba tuliyoisema.

Sasa ugomvi wenyewe. Moshi umeingia, mtoto anakohoa, damu imechemka. Usitoke saa hiyo. Usimwage maji juu ya ukuta kuzima moto wa mwenzio: unaingia kosani wewe, na moto uliomwagiwa nusu ndoo unafuka maradufu. Usimpige picha ukairusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Ukishamwaibisha mtu mbele ya watu mia mbili, hawezi kukubali kosa hata akiliona. Mtoe mtoto au mgonjwa kwenye chumba kile, mpeleke upande upepo unakotoka. Mwenye pumu atumie dawa yake ya kuvuta kama alivyoelekezwa, na kifua kisipolegea apelekwe zahanati usiku huohuo.

Kesho yake, asubuhi au baada ya chakula cha mchana, nenda. Piga hodi, ingia mlangoni kama mgeni. Kijana anayewasha moto mara nyingi ametumwa, kwa hiyo usigombane naye. Zungumza na mwenye nyumba. Maneno yawe mepesi: "Shikamoo mama. Poleni na kazi. Jana kuanzia saa moja usiku moshi uliingia chumba anacholala mtoto, naye ana pumu, hatukulala. Najua gari la taka halijapita. Nimekuja tuone tunasaidianaje. Majani nitayachukua mimi niyafanye mboji, kama utaniruhusu nije na toroli kila Jumamosi." Hapo hukumwita mchafu wala hukumtisha kwa sheria, na umemwondolea nusu ya lundo. Nusu iliyobaki mtaizungumza. Nyumba kumi zikichangiana kukodi guta mara moja kwa wiki kupeleka mabaki kwenye kituo cha kukusanyia taka, gharama kwa kila nyumba inakuwa ndogo, na huo ndio mpango utakaomaliza sababu ya kuchoma.

Akikataa? Andika. Daftari dogo, wiki mbili: tarehe, saa moshi ulipoanza na kukoma, upepo, rangi ya moshi, harufu, nani aliumwa na aliumwaje. Moshi mweusi unaonyesha plastiki au mpira. Mweupe mzito ni vitu vibichi. Picha upige ukiwa kwenye kiwanja chako. Daftari hilo ulipeleke kwa mjumbe, kisha mwenyekiti na afisa mtendaji wa mtaa, nao wawakutanishe. Ikishindikana, afisa afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa uwezo wa kumwandikia mtu notisi ya kuondoa kero kwa muda maalumu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na haki ya kwenda mahakamani ikivunjwa. Wenzetu wa Kenya wameiweka haki hiyo kwenye Katiba ya 2010, Ibara ya 42. Mahakama ipo, lakini kwa majirani ni njia ya mwisho. Mkitoka huko mmoja ameshinda, na ukuta wenu ni uleule.

Tumalizie na mkesha. Tairi kwanza, kwa sababu halina utetezi. Mpira wake una salfa na mafuta ya petroli, moshi wake mweusi una kemikali zinazosababisha saratani, waya zake hubaki barabarani kutoboa magari ya watu, na lami iliyopikwa hufumuka mvua za masika zikija. Kila mwaka polisi hukumbusha kwamba kuchoma matairi na kupiga fataki bila kibali hairuhusiwi. Matairi chakavu ya mtaa huu yakusanywe wiki hii, yapewe mafundi wa katambuga na wa mipira ya kufungia mizigo.

Fataki zina baruti: nitrati ya potasiamu sehemu kama 75, mkaa 15, salfa 10. Zile za kurushwa juu, fashifashi, huongezewa metali za rangi: strontiamu kwa nyekundu, bariamu kwa kijani, shaba kwa buluu, alumini kwa nyeupe inayometa. Vyote hivyo hushuka kama vumbi jembamba. Na zinapigwa saa sita usiku, wakati kile kifuniko cha hewa baridi kimekaa. Chembe hewani hupanda ghafla ndani ya saa moja, na usiku usipokuwa na upepo zinaweza kubaki hadi asubuhi. India, Mahakama ya Juu mwaka 2018 iliamua fataki za Diwali zipigwe saa 2 hadi saa 4 usiku tu. Funzo lake kwetu ni rahisi: muda mfupi unaojulikana huwapa majirani nafasi ya kujipanga.

Kwa hiyo tunapendekeza mtaa uwe na mahali pamoja, uwanja wa mpira, kwa kibali kilichoombwa na ofisi ya mtaa mapema, kuanzia saa 6 kamili usiku, dakika 15, kisha basi. Majirani waarifiwe siku mbili kabla, nyumba kwa nyumba, hasa zenye kichanga, mwenye pumu na mzee wa presha. Mbwa wafungiwe ndani na kuku wafunikwe kabla ya saa 5. Viwango vya Ulaya vinataka watazamaji wakae mita 8 kutoka fataki ndogo za bustani na mbali zaidi kutoka zile kubwa zinazouzwa kwa watu wa kawaida. Uwanja wa nyumba zetu una mita ngapi? Wengi hamfikishi hizo 8, na jirani ana paa la makuti. Mrushaji awe mtu mzima mmoja asiyekunywa. Fataki isimame kwenye ndoo ya mchanga, isishikwe mkononi. Ikikataa kulipuka, isiinamiwe wala kuwashwa tena. Isubiriwe dakika 20, kisha iloweshwe kwenye ndoo ya maji hadi kesho. Alfajiri ya tarehe 1 watu wazima wapite uwanjani kabla ya watoto, waokote zote zilizolala. Mtoto akiipata moja hufungua karatasi, humwaga baruti kiganjani na kutafuta kiberiti. Hapo ndipo vidole hupotea.

Mwenyekiti, tumesema mengi na jua linakaribia kuzama. Nyuma ya ofisi hii kuna lundo la majani ya huu mwembe, lina wiki tatu, na limegeuzwa juzi. Nondo imeshachomekwa tangu tulipoanza. Twendeni kwa zamu, wazee watangulie, kila mmoja aiguse, kisha achukue konzi la katikati na kulikamua. Wenye viroba vya salfeti tutawatobolea matundu hapohapo, msumari tunao.